Sultani, Seyyid na Mundewa

Tarehe 29 Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alikuwa Msovero, katika nchi ya Usagara, ambayo leo imo katika wilaya ya Kilosa. Hapo akapata karatasi yenye alama ya mzee mmoja, Mangungu. Karatasi yamwita Sultani wa Msovero, nayo yasema kwamba ametoa nchi yake yote milele kwa chama cha Peters. Wasikilizaji, nataka tulitazame neno hilo Sultani, maana ndilo lililobeba mzigo wote.

Sultani ni neno la Kiarabu. Asili yake ni nguvu na mamlaka. Ni mtawala asiye na mkubwa juu yake. Wazungu walimwita hivyo Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, lakini raia zake walimwita Seyyid, yaani bwana. Ahmad bin Said, aliyetawala Omani katika karne ya 18, alikuwa Imamu. Naye Imamu huchaguliwa na wanazuoni, akawaongoza watu katika dini na utawala pamoja. Babu yake Barghash hakuwa Imamu, wala baba yake, Seyyid Said. Walitumia neno Seyyid, lenye heshima bila madai ya uimamu. (Babu huyo aliitwa Sultan, nalo lilikuwa jina lake tu, si cheo!) Wala Seyyid huyu si yule wa nchi nyingi za Kiislamu, ambako neno hili ni la kizazi cha Mtume. Mtu wa kizazi hicho watu wa pwani humwita Sharifu, hata akiwa maskini asiye na kibanda.

Je, Mangungu alikuwa nani? Wasagara na jirani zao Wakaguru hawakuwa na mfalme mmoja. Kila nchi ilikuwa na ukoo wenye nchi, na wazee wa ukoo ule ndio waliotambika ili mvua inyeshe na mashamba yazae. Wakaguru humwita mkubwa wa namna hii mundewa. Heshima yake ilitoka kaburini kwa wazee wake, si katika upanga. Mtu kama huyo angewezaje kuigawa nchi aliyoishika kwa niaba ya waliolala ndani yake?

Siku chache baadaye Mwinyi Sagara naye akaandikwa Sultani. Mwinyi ni neno la pwani, maana yake mwenye mji au mwenye nchi.

Peters alilipenda neno Sultani kwa sababu mtu aliye chini ya Barghash hangeweza kutoa nchi. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi juu ya Usagara na nchi jirani. Barghash akapinga, mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, akakubali.

Wajerumani walipokwisha kuishika nchi, utawala wao haukuhitaji tena Masultani huku mashariki. Toka Kilosa hata Mikumi na milima ya Uvidunda, mkubwa wa kijiji akawa Jumbe, na juu yake Akida, neno ambalo kwanza lilikuwa la mkuu wa askari. Na Akida huyo mara nyingi alikuwa mgeni kutoka pwani, asiyejua hata kaburi moja la kutambikia.