Uzi: Tunabishana nani aliwasha moto, hatuulizi mlango ulifungwa na nani

Wadau, bweni likiungua mjadala ni ule ule: nani aliwasha? Wanafunzi? Wachochezi? Sawa, polisi wachunguze. Lakini angalieni historia.

Machi 1998, Bombolulu, Kwale. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Kote kuwili madirisha yalikuwa na vyuma, na kulikuwa na mlango uliofungwa.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Bweni liwe na mlango kila upande, milango ifungukie nje, madirisha yasiwe na grili, kengele ya moto iwepo. Ni mwongozo mzuri, mimi nimeusoma. Halafu Septemba 2024, Endarasha, Nyeri, watoto 21. Kwa hivyo kiongozi akisema "tutaleta sheria mpya", muulizeni ile ya zamani ilikaguliwa na nani.

Na tusijifanye ni mambo ya shule pekee. Ninayeishi naye anataka tununue kengele ya moshi. Nakubali, maana moshi humaliza mtu akiwa usingizini. Lakini tuko ghorofa ya tatu, grili kila dirisha, mlango una kufuli na ufunguo tunauficha. Kengele ikituamsha, tutatokea wapi? Nimesema tuanze na ufunguo, utundikwe kando ya mlango. Pili, grili moja iwe ya kufunguka kutoka ndani. Kengele ije ya tatu.

Mwenye nyumba anasema grili ikifunguka wezi wataingia. Shuleni huwa wanasema wanafunzi watatoroka.