Mto Nairobi na Serikali Zake

Mtu atokaye Shauri Moyo kwenda Pumwani kwa miguu hana budi kuuvuka mto. Aghalabu huuvuka upesi, naye ameziba pua. Maji yake ni meusi. Yanachukua vipande vya mitumba kutoka Gikomba, chupa za plastiki, mafuta ya magari na uchafu wa vyoo. Mgeni akiambiwa ya kuwa jiji zima lilipata jina lake kwa sababu ya maji hayo, hudhani anafanyiwa mzaha. Lakini ndivyo ilivyo. Wamasai walipaita mahali hapa Enkare Nyirobi, yaani maji baridi, nao waliwanywesha ng'ombe wao hapa kabla reli haijafika.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika mwezi wa Mei 1899. Wahandisi hawakupachagua mahali hapa kwa uzuri wake, wala kwa ajili ya afya ya watu. Walitaka uwanda wa kujenga karakana na kuweka mabehewa kabla ya kuanza kuipanda milima ya Kikuyu, nao walihitaji maji. Uwanda huo uligeuka kinamasi kila mvua iliponyesha. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakubwa wa serikali wakaamuru soko lichomwe moto. Madaktari kadha wa kadha walishauri mji uhamishwe hata mahali palipoinuka, walakini fedha zilikwisha kutumika na reli ilikwisha kutandikwa. Basi mji ukabaki pale pale.

Sasa yafaa msomaji aitazame ramani, maana habari yote ya mto huu imo katika mteremko wa nchi. Upande wa magharibi wa Nairobi umeinuka, na ardhi yake ni nyekundu, ipitishayo maji vizuri. Upande wa mashariki ni tambarare, na udongo wake ni mweusi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mto Nairobi hutoka kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, katika nchi ya Kiambu, ukateremka kuelekea mashariki. Mito ya Mathare na Ngong nayo hushuka vivyo hivyo, hata yote mitatu huwa mto mmoja kabla ya kuuacha mji. Wakati wa ukoloni Wazungu walijigawia vilima vya magharibi, Wahindi wakapewa Parklands na Ngara, na Waafrika wakasukumwa mashariki, chini ya mteremko, kwenye udongo mweusi. Kila kilichotupwa mtoni na watu wa juu kiliwashukia watu wa chini. Hapana aliyeandika sheria ya kwamba uchafu wa mji upelekwe kwa Waafrika. Haikuhitajiwa, kwa kuwa maji yalifanya kazi hiyo bila kuamriwa.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika yaliyopimwa na Baraza la Mji. Shauri Moyo ilijengwa mwaka 1938, na wengi waliopelekwa huko ni watu wa kijiji cha Pangani ambacho serikali ilikuwa ikikibomoa. Jina lenyewe lina uchungu wake. Baada ya hapo zikafuata Ziwani, Starehe, Kaloleni, Bahati, Makongeni ya watu wa reli, Jericho na Jerusalem. Mitaa ya Ofafa imechukua jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Wazee wa mitaa hiyo husimulia hata leo ya kuwa walipokuwa watoto waliogelea mtoni na kuvua samaki wadogo. Mimi sina sababu ya kutowaamini, ingawa najua ya kuwa wazee wa kila mahali huukumbuka mto wa utoto wao kuwa safi kuliko ulivyokuwa.

Mwaka 1950 Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji. Siku zile Halmashauri ya Jiji iliajiri mabwana afya wa Kiafrika, kazi yao kukagua vyakula, nyumba na mitaro, na mmoja wao alikuwa kijana Tom Mboya, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri. Mtu aliyeijua mitaa ya Eastlands kwa njia ya mitaro yake aliyajua mengi ambayo hayakuandikwa katika taarifa za Halmashauri.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mipaka ya jiji ilipanuliwa sana, lakini watu waliongezeka upesi kuliko mabomba. Mwaka 1975 Serikali ilipatana na Benki ya Dunia kufungua viwanja 6,000 huko Dandora, kila kimoja kikiwa na maji na choo, ili wenye mapato madogo wajijengee. Lilikuwa jambo jema, na watu walilifurahia. Walakini katika miaka hiyo hiyo jiji lilianza kutupa taka zake katika shimo kubwa la machimbo ya mawe, papo hapo Dandora, ukingoni mwa mto. Mwaka 2001 ilitangazwa ya kuwa shimo limejaa. Taka ziliendelea kuletwa. Mwaka 2007 uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi penyewe, uliwapima watoto 328 walioishi na kusoma karibu na hapo, na takriban nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubalika. Madini ya risasi huidhuru akili ya mtoto, na dhara hilo haliondoki kwa dawa.

Je, hapakuwa na mtu aliyejaribu kuuponya mto? Walikuwako wengi, na hapo ndipo palipo na fundisho gumu zaidi la historia hii. Mwaka 1999 Shirika hilo la Mazingira lilianzisha mpango wa bonde la Mto Nairobi pamoja na Serikali na Halmashauri ya Jiji. Mwaka 2008 John Michuki alifanywa Waziri wa Mazingira, naye alikuwa mtu asiyependa maneno mengi. Aliamuru kingo za mto katikati ya mji zisafishwe na kupandwa miti, na hadi leo bustani iliyoko hapo ina jina lake. Kwa muda watu waliona maji yakipata rangi ya maji. Michuki alifariki mwezi wa Februari 2012, na bustani ikageuka kichaka na jaa la taka mpaka ilipofufuliwa mwaka 2020. Tena kazi yenyewe ilikuwa sehemu fupi tu ya mto. Atakayefagia kizingiti huku jirani wa juu anamwaga ndoo atafagia mchana kutwa.

Ugumu wenyewe ni huu. Mto hutokea katika eneo la serikali moja, hupita katika la pili, na humaliza safari yake katika maeneo ya nyingine. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo kaunti zake zilianza kazi mwaka 2013, chemchemi ya Ondiri iko Kiambu, uchafu mwingi huingia Nairobi, na maji huteremka Machakos yakiwa ndani ya Mto Athi. Kisha Athi huenda kati ya Makueni na Kitui, ukavuka nyika ya Tsavo kwa jina la Galana, na kumwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, kwa jina la Sabaki. Huu ni mto wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana. Kuondoa maji machafu na taka ni kazi ya kaunti. Kulinda vyanzo vya maji na kutoa vibali ni kazi ya Serikali ya taifa. Kifungu cha 189 cha Katiba chataka serikali hizo zishirikiane, tena chaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Lakini ruhusa ya kushirikiana ni kitu kimoja, na fedha za kushirikiana ni kitu kingine. Kiambu ikiilinda Ondiri, faida huonekana Nairobi. Nairobi ikijenga bomba la kutosha, anayefurahi ni mkulima wa Machakos, ambaye hampigii kura gavana wa Nairobi.

Mfano mmoja tunao katika Kenya hii hii, nao ni Ziwa Nakuru. Hilo ni ziwa la magadi, maana halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua tu, chumvi ikabaki. Mito inayolilisha, kama vile Njoro, Makalia na Nderit, hutoka upande wa msitu wa Mau. Ziwa lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968 kwa sababu ya ndege wake, heroe, ambao wanapokuja kwa wingi hulitia ziwa rangi ya waridi. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1990 lilipungua mpaka likakaribia kukauka, upepo ukapeperusha vumbi la magadi, na heroe wakaondoka. Baraza la Mji wa Nakuru lilikuwa na mitambo ya kusafishia maji machafu, nayo ikatengenezwa upya na kupanuliwa kwa msaada wa Serikali ya Japani, ili maji yanayotoka katika nyumba na viwanda yaingie ziwani yakiwa yamesafishwa. Mji ukafanya sehemu yake. Walakini mji haukuwa na amri juu ya Mau. Mwaka 2001 Serikali iliondoa sehemu kubwa za msitu huo katika hifadhi na kuwagawia watu ardhi, na mito ikazidi kuwa ya msimu. Iliwapasa Serikali kuu, mabaraza na vijiji vya huko juu kukaa meza moja, na meza hiyo ilichelewa kutandikwa: kamati kuu ya Mau ilitoa taarifa yake mwaka 2009. Kisha ziwa likafanya jambo ambalo hapana aliyelitazamia. Kuanzia miaka ya 2010 lilianza kujaa, likafunika lango kuu la hifadhi na nyumba za majirani. Maji yakapungua chumvi, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Waliokuwa wakililia ziwa kwa kuwa linakauka wakaanza kulia kwa kuwa linafurika. Maji hayakai yakingoja wanadamu wapatane.

Eastlands walilijua jambo hilo kwa njia iliyo kali zaidi. Katika mvua za masika za mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika. Katika Mathare na Mukuru watu walikufa usiku, vitu vikachukuliwa na maji. Serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka kingoni waondoke, na matingatinga yakaja kubomoa. Kila nyumba iliahidiwa shilingi 10,000. Hapana shaka ya kuwa mto wahitaji nafasi yake. Lakini msomaji akikumbuka ni nani aliyewapeleka Waafrika chini ya mteremko, na kwa nini maskini hujenga pale ambapo kodi ni rahisi, ataona ya kuwa waliolipa gharama ya kuuponya mto ni wale wale waliokuwa wamekwisha kulipa gharama ya kuuchafua.

Mwezi wa Desemba 2022 Rais alikuwa ameunda Tume ya Mito ya Nairobi, ili idara za Serikali, Kaunti na majeshi zifanye kazi chini ya kamati moja. Mwezi wa Machi 2025 mradi mkubwa zaidi ulizinduliwa huko Korogocho, pamoja na bomba kuu la maji machafu lifuatalo mto kuelekea mabwawa ya kusafishia ya Ruai, na vijana kwa maelfu wakaajiriwa kusafisha kingo. Vijana wa Korogocho na Dandora walikuwa wamekwisha kuianza kazi hiyo wenyewe miaka mingi kabla, kwa majembe na mikono mitupu, wakipanda miti palipokuwa na takataka. Na huko Makueni, ambako bwawa la Thwake lilianza kujengwa mwaka 2018 ili watu wa nchi kavu wapate maji ya kunywa, viongozi wamekuwa wakiuliza ni maji ya namna gani yatakayoletwa na Athi.

Wala swali hilo si la Makueni peke yake. Huko Maili Saba na Njiru, mashariki ya Dandora, wakulima wadogo wamezoea kuyaelekeza maji machafu katika mashamba yao, maana maji hayo yana rutuba, tena hayalipiwi. Hupanda sukuma wiki, mchicha na nduma. Alfajiri mboga hizo hupakiwa katika magunia na kurudishwa mjini, na jioni akina mama wa Kariobangi, Dandora na Gikomba huzikata nyembamba kandokando ya barabara na kuziuza kwa mafungu.