Kuuguza Ngozi Ukambani

Muda mrefu kabla ya nuru kutumiwa kukata ngozi, watu wa Kitui, na wa nchi ile iliyotengwa na Machakos mwaka 1992 ikawa Wilaya ya Makueni, walikuwa na mafundi wao wa kuchanja chale za urembo. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyekaa Ukambani mnamo 1911 na 1912, aliyaandika mambo hayo, pamoja na desturi ya kuchonga meno, katika kitabu kikubwa kilichochapishwa Uppsala. Ninaloliona mimi katika habari za namna hiyo ni kwamba wembe ulikuwa na kazi ya muda mchache tu, na zile siku za kuuguza ndizo zilizoamua kama alama itakuwa pambo au donda.

Na dawa haikuwa mbali. Katika nyika zile kavu huota kiluma, ambacho watu wa pwani hukijua kwa jina la mshubiri, chenye majani manene yaliyojaa ute baridi, na ambacho wazee wamekitumia tangu kale kwa vidonda; ilhali juu ya miti imetundikwa mizinga ya magogo, kwani Wakamba ni warina asali mashuhuri, na asali, kwa utamu wake unaofyonza maji na kwa uchachu wake, huwanyima vijidudu nafasi ya kuzaana katika jeraha. Kiluma kina hadhari yake: utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha ngozi, na kwa hiyo jani likikatwa yafaa liachwe kwanza lichuruzike, ndipo ute wa ndani utumike. Huko Marekani, mwaka 1935, matabibu wawili wenye jina la Collins waliarifu kwamba jani bichi la mshubiri lilimfaa mgonjwa aliyeunguzwa na miale ya eksirei. Kwa bahati mbaya utomvu huo huo una soko ng'ambo, na mishubiri ya porini ikavunwa pasipo huruma, hata Rais Moi akapiga marufuku uvunaji wake mwaka 1986.

Ile nuru ya kukata ngozi niliyoitaja mwanzo ni ya leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, na haikupita miaka mingi Leon Goldman, tabibu wa ngozi wa Cincinnati, akaanza kuitumia juu ya miili ya watu. Lakini kanuni ya kwamba nuru ya namna fulani yaweza kuunguza kitu kimoja na kukiacha salama kilicho jirani yake haikufafanuliwa sawasawa hadi mwaka 1983, na Anderson na Parrish wa Boston. Hapo ndipo penye shida ya ngozi yetu, kwa kuwa melanini iliyo tele juu yake huimeza nuru kabla haijafika kwenye shina la unywele au wino wa tatuu unaotakiwa kuondolewa, na fundi asiyechagua mashine ifaayo huacha malengelenge, madoa meusi, na pengine makovu yaliyovimba.

Kwa hiyo kijana wa Mwingi au wa Wote arudiye kwao baada ya tiba ya leza anastahili kuuguzwa kwa uangalifu. George Winter alikwisha kuonyesha mwaka 1962, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba kidonda chenye unyevu hufunikwa na ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Basi mahali palipochomwa paoshwe polepole kwa maji safi na sabuni isiyo kali, pakapakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, kama Vaseline, na ukoko usibanduliwe hata ukiwasha namna gani. Jua la Ukambani halina simile, nalo ndilo linaloyakoleza madoa: kwa majuma kadhaa mgonjwa asikose kofia pana, leso, na mafuta ya kukinga jua, na pakitoka usaha, au homa ikipanda, apelekwe hospitali siku ile ile.