Kitabu cha Queen kisicho na kibali

Nimekimaliza hapa Mang'ula kwa mwanga wa simu: kitabu cha maisha ya bendi ya Queen ambacho bendi yenyewe haikukipa baraka. Navipenda vitabu vya namna hii. Mwandishi akifungiwa mlango wa mbele, anazungukia uani kwa majirani, na majirani husema.

Ila Zanzibar imepewa kurasa mbili tu, jamani! Farrokh Bulsara, ndiye Freddie Mercury, alizaliwa Unguja 1946, baba yake mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi 1963. Mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi, familia ikakimbilia Uingereza. Sentensi moja, basi.

Waliosoma naye India wamepatikana, wanasimulia mpaka bendi yao ya shule, The Hectics, alikopiga piano. Wa Unguja je? Waparsi wengi walitawanyika vilevile. Familia iliondoka, na mashahidi wake nao wakaondoka.

Sasa fikiria Morogoro Jazz, bendi ya mkoani kwetu. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, lakini waliomcheza ukumbini bado wapo huku bondeni. Wengine wamepita miaka themanini.