Bi Taki na ua la haidrenjia

Mashoga zetu wengi mnaliona ua hili kwenye picha za harusi: duara kubwa kama kichwa cha mtoto, la buluu, la waridi au jeupe, limeshonana viua vidogo vidogo. Ndilo haidrenjia. Wajapani huliita ajisai, na kwao ndiko asili yake. Ndani ya historia yake kuna mwanamke ambaye jina lake lilikaa vitabuni miaka mingi bila wasomaji kujua kwamba ni jina la mtu.

Mwaka 1823 Japani ilikuwa bado imewafungia mlango wazungu wote isipokuwa Waholanzi, na hao waliwekwa Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa na watu kando ya mji wa Nagasaki, umbo lake kama pepeo lililokunjuliwa. Huko akafika daktari Philipp Franz von Siebold, Mjerumani aliyejipitisha kama Mholanzi. Wanawake walioruhusiwa kuingia kisiwani walikuwa wale wa Maruyama tu, mtaa wa starehe. Kusumoto Taki aliingia kwa mlango huo, akiandikwa kwa jina la Sonogi. Hatutalipamba jambo hili. Mwaka 1827 wakapata binti, Ine.

Mwaka uliofuata Siebold alibainika kuwa na ramani za Japani, kitu kilichokatazwa kabisa kwa mgeni. Ofisa aliyempa ramani alifia gerezani, na yeye mwenyewe akafukuzwa nchini mwishoni mwa 1829. Aliondoka na mimea yake. Taki na Ine walibaki, kwani sheria haikumruhusu Mjapani kutoka nje.

Huko Ulaya, kuanzia 1835, yeye na mwenzake Zuccarini walitoa kitabu kiitwacho Flora Japonica. Haidrenjia moja ya duara kubwa wakaiita Hydrangea otaksa. Karne iliyofuata mtaalamu wa mimea wa Kijapani, Tomitaro Makino, alilitafuta neno otaksa miongoni mwa majina ya mimea ya kwao asilipate. Akang'amua kuwa ni "Otaki-san", yaani Taki kwa namna ya heshima, kama sisi tunavyosema Bi Taki. Makino alikasirika, akaona ua limevunjiwa heshima. Tunamcheka kidogo, maana mkewe Sue alipofariki mwaka 1928, naye aliupa mwanzi mmoja jina la mkewe.

Wako wanaoisimulia habari hii kama kisa cha mapenzi matamu. Sisi tunamtazama aliyebaki. Taki aliolewa tena, na Ine, mtoto chotara katika nchi iliyowafungia wageni mlango, alisomeshwa udaktari na wanafunzi wa zamani wa baba yake, akawa tabibu wa wanawake na wazazi. Mwaka 1873 aliitwa kuhudumia uzazi katika nyumba ya mfalme. Siebold alirudi Nagasaki mwaka 1859, wakaonana, lakini wakati huo alikuwa na mke na watoto Ulaya. Leo ajisai ndilo ua rasmi la mji wa Nagasaki, na wataalamu wanaihesabu otaksa kuwa ni aina moja tu ya Hydrangea macrophylla.

Sasa kwa mwenye kutamani kulipanda. Viua vingi vya lile duara ni tasa, havitoi mbegu, kwa hiyo mche hupatikana kwa kukata kipande cha tawi changa na kukichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Rangi hutokana na udongo: ukiwa na asidi, mmea hufyonza alumini na ua huwa la buluu, ukiwa na chokaa, huwa la waridi. Jeupe halibadiliki. Udongo wetu wa mawe ya matumbawe umejaa chokaa, basi buluu tuisahau, na joto la pwani nalo halilifai, maana linataka majira ya baridi ili lifunge vichipukizi vya maua. Mwenye shamba Lushoto ana bahati kuliko sisi. Ukilipata la chungu, liweke penye jua la asubuhi tu, usiliache likauke. Na mkasi uutumie mara maua yanapokwisha, kwa sababu maua ya mwaka ujao hutoka kwenye matawi ya mwaka huu. Ukichelewa kupunguza, umeyakata kabla hujayaona.