Istilahi ya Rangi Angavu

Mtu aliyezoea Mbamba Bay, iliyokuwa katika Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012, hahitaji kufafanuliwa neno "angavu". Maji ya Ziwa Nyasa yapo, lakini hayazuii macho kuona mawe na samaki waitwao mbuna.

Dhana hiyo ndiyo iliyoingia katika picha. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 ilitumia pazia la buluu nyuma ya waigizaji, ili buluu iondolewe na mandhari nyingine ishike mahali pake. Mwaka 1989 muundo wa picha za kompyuta uitwao GIF ulirekebishwa, rangi moja kati ya 256 ikaweza kuteuliwa kuwa angavu.

Tendo hili tuliiteje? "Kufuta" hakufai, maana kilichofutwa hakipo tena. Rangi iliyoteuliwa hubaki katika orodha yake, ila huacha kilicho nyuma kionekane. "Kuangaza" nako ni kutia mwanga. Kwa kuwa lugha yetu ina "fupi" na "fupisha", "safi" na "safisha", twapendekeza "angavu" na "angavusha".

Istilahi hii yafaa ifundishwe pamoja na tahadhari yake: programu huteua rangi, haiteui kitu. Baadhi ya mbuna ni wa buluu. Anayeangavusha buluu ya maji huweza kumpoteza na samaki mwenyewe.