Debe la Mama

Jiko la mafuta ya taa lilivuja ndani ya begi tukiwa kambini kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe. Sufuria mbili, mwiko na bakuli za plastiki, vyote vikanuka. Tulikuwa watu saba, na njaa. Mwenzetu akaanza kusuuza sufuria kwa maji. Mafuta yakatambaa hadi kwenye vifuniko.

Nikampigia simu mama, Kibaha.

“Acheni maji kwanza,” alisema. “Futeni kwa kitambaa kikavu, halafu msugue kwa majivu yaliyopoa. Kisha sabuni na maji ya moto, mpaka harufu iishe. Mwiko na bakuli msivitumie tena. Vimeshakunywa mafuta.”

Nilidhani ni ujuzi wa jikoni tu. Kumbe ulikuwa historia.

Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa yalisafirishwa duniani kwa madebe ya bati, mawili katika kila sanduku la mbao. Mwaka 1892 meli ya Murex ilipita Mfereji wa Suez ikiwa imebeba mafuta hayo ya Urusi bila madebe, yakiwa yamejazwa kwenye matangi yake. Mwaka huohuo, kule Sweden, Frans Wilhelm Lindqvist alikuwa akitengeneza jiko la Primus. Huku kwetu, hata hivyo, kilichodumu kuliko mafuta na jiko ni kopo lake. Debe, neno lililotoka Bara Hindi, likawa kipimo cha mahindi, chombo cha maji, paa la nyumba. Wapiga debe wa Maili Moja wanaita abiria kwa jina lake, ingawa hawana bati mkononi.

Lakini kabla debe halijabeba maji ya kunywa, lazima mtu alioshe. Kisarawe, miaka ya 1970, mtu huyo alikuwa mama yangu. Alilisugua kwa mchanga na majivu, akalianika juani, akainusa midomo yake. Bibi naye alinusa baada yake.

Siku moja mafuta yaliyobaki yaliwekwa kwenye kikombe. Mdogo wake mama, mwenye miaka miwili, aliyanywa akidhani ni maji. Wakampa maziwa, wakamtapisha. Siku hizi wataalamu wanakataza kumtapisha, kwa sababu mafuta hupenya kwenye mapafu. Wao hawakujua. Hakupona.

Mama hakuniambia hayo kwenye simu. Aliniambia niliporudi Kibaha, baada ya kuzinusa sufuria zangu moja moja.

Bajeti ya 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nyumbani kwetu jiko likawekwa uvunguni, tukarudi kwenye mkaa, huo huo unaokata miti ya Kazimzumbwi. Ndilo jiko nililolichukua kwenda nalo kambini, bila kukagua mpira wake uliochoka.

Siku ile tulikula wali saa kumi jioni. Kabla ya kupakua, niliinua sufuria, nikanusa. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikujua bado nilichokuwa nakinusa.